Laki tano za kushikia gari: uchambuzi wa kisa cha muuguzi na gari la yadi

Gari hili lilifika gerejini kwangu siku ya 19 tangu linunuliwe. Mimi ni fundi wa magari hapa Dar es Salaam, na sehemu ya kazi yangu ni kukagua magari kwa niaba ya wanaotaka kununua. Mwenye gari amenipa ruhusa ya kuandika kisa chake ili wengine wajifunze. Jina lake, hospitali anayofanyia kazi, yadi, mtaa na aina ya gari nimeviacha nje. Pesa na kilomita nimeziandika kama alivyozinakili mwenyewe kwenye daftari lake, na daftari hilo lina sehemu kubwa katika kisa hiki.

Usuli

Mnunuzi ni muuguzi, mama wa watoto wawili, anayeishi pembezoni mwa jiji. Zamu ya jioni ilikuwa inamtoa kazini saa tatu usiku, wakati daladala za kwao zimeshaanza kuadimika na bodaboda wamepandisha bei. Mara mbili alishaporwa simu kituoni. Alihitaji gari kwa sababu hiyo hasa, wala hakuwa na tamaa ya kitu kikubwa.

SACCOS ya kazini ilimkopesha shilingi 11,000,000, makato ya miezi 36 yakianza mwisho wa mwezi uliofuata. Akiba yake ilikuwa 3,300,000. Jumla 14,300,000, na nje ya hapo hakuwa na kitu cha kugusa. Shika hesabu hiyo, maana mtu aliyemaliza pesa zote kwenye bei ya gari hana ya kulipia kosa lolote litakalojitokeza.

Kwa nini hakuagiza mwenyewe kutoka Japani? Alilifikiria. Akaogopa kulipa mtu asiyemwona, kusubiri meli, kisha kukutana na ushuru wa forodha wa asilimia 25, VAT ya asilimia 18 na tozo nyingine bandarini huku hajui jumla itaishia wapi. Yadi ilimpa bei moja. Gari unaliona, unaligusa, unaondoka nalo. Sioni kosa katika uamuzi huo, na nasema mapema kwa sababu watu wengi walimlaumu kwa hilo.

Shemeji yake, mdogo wa mumewe, alikuwa anafahamiana na dalali. Ndipo safari ilipoanzia.

Jumamosi: laki tano

Gari lilikuwa la Kijapani la milango mitano, la mwaka 2008, injini ya cc 1,490, giaboksi ya CVT, aina ya otomatiki nitakayoieleza mbele. Bei kwenye tangazo ilikuwa 13,800,000. Walipofika yadi ikawa 14,300,000 "pamoja na namba". Dashibodi ilisoma kilomita 68,000 na kitu. Rangi inang'aa, viti havijachanika, harufu ya shampuu.

"Dada yangu, hii ni ya kuwasha na kuondoka," muuzaji alimwambia. "Haijatembea Bongo hii. Kilomita unazoziona ni za Japani."

"Naweza kulizungusha kidogo?"

"Zungusha dada, ila mafuta hamna, taa imeshawaka. Fika pale kwenye kona urudi."

Aliendesha kama mita 400 kwenda na kurudi. Gari lilikwenda vizuri. Wakati anashuka, simu ya muuzaji ikaita, na mazungumzo yaliyosikika yalihusu mteja wa Morogoro anayekuja jioni na pesa mkononi. Dalali akamvuta shemeji pembeni. Shemeji akarudi na ushauri: "Shemeji, toa hata laki tano ulishikie. Likiondoka hili hutapata jingine kwa bei hii."

Akatuma 500,000 kwa simu. Akapewa karatasi ya mkono yenye neno moja lililopigiwa mstari: *Hairudishwi*.

Nilimuuliza baadaye alichokuwa anawaza dakika ile. Akanijibu kwamba alihisi amepumzika. Wiki nzima alikuwa akizunguka kwenye yadi baada ya zamu ya usiku, bila kulala, na laki tano ilimpa ruhusa ya kuacha kutafuta. Naamini hapo ndipo kisa kizima kilipofungwa, siku nne kabla ya pesa kubwa kutoka.

Jumanne: fundi wa nani?

Aliamua gari likaguliwe, na huo ulikuwa uamuzi mzuri. Tatizo ni kwamba hakuwa na fundi wake. Dalali akampa namba ya mtu, "kijana anayejua sana hizi za Kijapani". Muuguzi akamlipa 30,000.

Fundi alifungua boneti, akavuta kijiti cha oili, akasikiliza injini, akatazama chini, akachomeka mashine ya kupimia. Hakuna kodi hata moja. (Kodi ndivyo sisi mafundi tunavyoita namba za hitilafu zinazohifadhiwa na kompyuta ya gari.) Akasema gari ni zima. Gari halikutoka getini, kwa sababu taa ya mafuta ilikuwa bado inawaka.

Wiki kadhaa baadaye ilijulikana kwamba fundi huyo alipewa pesa nyingine na dalali baada ya gari kuuzika. Shemeji ndiye aliyelisema, kwa bahati mbaya, katikati ya ugomvi.

Siku hiyo hiyo muuguzi alifanya mambo mawili ambayo natamani kila mnunuzi angeyafanya. Alilinganisha namba ya chasisi iliyo kwenye bodi na ile ya kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Pia akasimamia kwamba hatalipa salio mpaka karatasi za kuhamisha umiliki TRA, mamlaka ya mapato, ziwe tayari kusainiwa, kwa kuwa kadi ilikuwa kwa jina la mtu wa yadi. Upande wa umiliki haukumsumbua hata siku moja.

Jumatano: mkataba wa kurasa mbili

Salio la 13,800,000 lilitoka benki kwenda akaunti ya yadi. Mkataba ulikuwa umeshachapwa. Kifungu cha sita kilisema mnunuzi amelikagua gari na kuridhika nalo, anachukua gari kama lilivyo, na muuzaji hatawajibika kwa hitilafu yoyote baada ya makabidhiano.

Alikisoma, akauliza. Muuzaji akacheka kwa upole: "Dada, hiyo ni karatasi tu ya ofisi. Wewe ndani ya wiki mbili ukiona shida yoyote lete, sisi tupo hapa hapa."

Hakudai ahadi hiyo iandikwe. Aliona aibu, kwa maelezo yake, kumwonyesha mtu mpole kwamba hamwamini. Na kama asingesaini, laki tano ingepotea.

Risiti ya EFD, ile ya mashine inayotambuliwa na TRA, aliipata baada ya kuiomba mara tatu, nayo ilisoma 6,000,000. Alipouliza akaambiwa ndivyo inavyokuwa kwa wote. Akaiweka kwenye bahasha pamoja na karatasi ya benki. Jioni ile, kabla ya kuwasha gari kwenda nyumbani, akaandika kwenye daftari: *68,412*. Ni tabia ya kazini, anapompokea mgonjwa zamu huandika hali aliyomkuta nayo, alinieleza.

Siku ya sita na kuendelea

Siku ya sita, Barabara ya Morogoro, foleni ya jioni. Gari lilikuwa limetembea zaidi ya dakika 40. Kila foleni ilipofunguka, gari lilitetema kama linapita juu ya matuta madogo. Mshale wa RPM, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, ukapanda hadi 3,000 na gari lenyewe linasita. Akaegesha pembeni, akazima, akasubiri. Asubuhi yake likatembea kama halijawahi kuugua.

Siku ya nane akarudi yadi. Yule muuzaji hakuwepo. Siku ya tisa alikuwepo, akasema ni haidroliki tu, yaani mafuta ya giaboksi, imechoka. Siku ya kumi wakampeleka kwa fundi wao, gereji ya chini ya mwembe, akamwaga mafuta ya giaboksi na kuweka mapya. Muuguzi alikaa pale kwenye benchi saa mbili nzima. Akapiga picha ya makopo, akaandika yameingia mangapi.

"Mgonjwa akipewa dawa lazima niandike kapewa nini, kiasi gani, saa ngapi," aliniambia. "Nikaona hata hii ni dawa."

Makopo yale yalikuwa ya haidroliki nyekundu ya kawaida.

Hapa naomba nieleze kwa utulivu, maana watu wanapoteza magari kila wiki kwa jambo hili. Giaboksi ya otomatiki ya zamani ina gia nne au tano zinazobadilishwa kwa klachi zilizolowana kwenye mafuta. CVT haina gia hizo. Ndani yake kuna mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili, na puli hizo zinatanuka na kubana ili kubadilisha mwendo. Mkanda haushiki kwa meno, unashika kwa msuguano, na mafuta yake yametengenezwa yaruhusu chuma kushika chuma bila kukwanguana. Haidroliki ya gia za kawaida haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Ukiiweka, mkanda unateleza, unakwangua puli, na vumbi la chuma linazunguka ndani ya mafuta na kuziba vali. Giaboksi iliyoanza kuugua inakufa haraka zaidi.

Siku ya 17 gari liligoma kupanda kilima cha kwao. Siku ya 19 likaja kwangu juu ya gari la kuvuta.

Nilichokikuta

Kabla ya kuligusa nilisoma dashibodi: 69,118. Tangu makabidhiano lilikuwa limetembea kilomita 706. Kisha nikachomeka mashine, na badala ya kutafuta kodi peke yake nikatafuta kitu ambacho mafundi wengi hawakiangalii. Kompyuta za magari mengi huhifadhi umbali uliotembewa tangu kodi zilipofutwa mara ya mwisho. Ilisoma 742.

Toa 706. Zinabaki 36. Maana yake mtu alifuta kumbukumbu za hitilafu kilomita 36 kabla ya gari kukabidhiwa. Fundi wa chini ya mwembe hakuwa na mashine, na muuguzi alikuwa amekaa pale pale akiandika. Yule wa Jumanne hangeweza kuwa ndiye, kwa kuwa kutoka Jumanne hadi Jumatano gari halikutembea hata kilomita moja.

Je, hilo linathibitisha kwamba hitilafu iliyofutwa ilikuwa ya giaboksi? Hapana, na niliandika hivyo kwenye ripoti yangu. Linathibitisha tu kwamba lile jibu la "hakuna kodi hata moja" halikuwa na thamani yoyote. Nilipoliendesha taratibu hadi mafuta yalipopata moto, kodi ya giaboksi iliingia dakika ya 46, lakini nayo haikuwa na nguvu sana: mafuta yalishabadilishwa, na yadi ingeweza kusema uharibifu ni wa baadaye.

Ndipo nikamshauri atumie namba ya chasisi kutafuta kumbukumbu za mnada wa Japani. Magari mengi yanayokuja kwetu hupitia minada kule, na kila gari huandikiwa karatasi yenye daraja la hali yake na kilomita. Kuna huduma za kulipia mtandaoni zinazoitafuta, alilipa 30,000. Karatasi ikaja siku ya pili. Daraja 3.5. Kilomita 131,000, miezi mitano kabla ya siku aliyoliona yadi likisoma 68,000.

Nilimwona anavyoitazama ile karatasi. Hakupiga kelele. Aliikunja, akaiingiza kwenye bahasha.

Barua

Hadi hapo alikuwa amekwenda yadi mara nne. Mara ya mwisho alienda na mumewe na shemeji, wakagombana mbele ya wateja, na muuzaji akatoa mkataba akasoma kifungu cha sita kwa sauti.

Siku ya 24 alikutana na mwanasheria wa kituo cha msaada wa kisheria. Nilikuwepo, kwa sababu ya ripoti. Wakili yule alieleza mambo kwa lugha ambayo hata mimi niliielewa. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi anayenunua kwa mfanyabiashara wa bidhaa hiyo, lakini kama amekagua, kasoro ambazo ukaguzi ule ulipaswa kuzionyesha zinaweza kumtoka mkononi. Kwa hiyo kubishana juu ya giaboksi peke yake kungekuwa kugumu. Kilomita ni jambo jingine. Muuzaji alitamka kilomita, dashibodi ikazionyesha, mkataba ukaziandika. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, mkataba ulioridhiwa kwa maelezo ya uongo unaweza kubatilishwa na aliyedanganywa. Maneno "kama lilivyo" hayageuzi uongo kuwa kweli.

Barua iliandikwa siku ya 27, kurasa moja na nusu, siku 14 za kujibu. Iliomba vitu vinne: nakala ya hati ya Japani ya kufutiwa usajili kwa ajili ya kuuzwa nje, ambayo huonyesha kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa kule, maelezo ya tofauti ya kilomita, risiti ya EFD inayolingana na malipo ya benki, na pesa za kutengeneza giaboksi au kurudishiana gari na pesa. Chini kulikuwa na mstari mmoja kwamba nakala ingepelekwa Tume ya Ushindani, FCC, ambayo kazi yake chini ya sheria ya mwaka 2003 ni pamoja na kumlinda mlaji.

Hakukuwa na tusi wala kitisho. Mume alitaka maneno makali zaidi, wakili akakataa.

Siku ya 38 mwenye yadi mwenyewe, ambaye hakuwahi kuonekana, aliwaita. "Dada, haya tungeongea tu. Hakukuwa na haja ya makaratasi."

"Kaka, niliongea mara nne," muuguzi akamjibu, akafungua daftari na kumsomea tarehe zote nne na jina la aliyezungumza naye kila siku.

Uamuzi na matokeo

Mwenye yadi alidai gari alilinunua kwa muagizaji mwingine likiwa na kilomita zile zile. Hati ya Japani hakuitoa. Aliweka mezani njia mbili: arudishe gari achukue 11,500,000, au abaki nalo apewe 2,600,000.

Muuguzi alichagua ya pili. Sababu zake zilikuwa wazi. Makato ya SACCOS yalishaanza. 11,500,000 ingemwacha na upungufu wa 2,800,000 na bila gari. Na kesi ingechukua miezi ambayo zamu za jioni zisingesubiri. Waliandikishana mbele ya wakili, pesa ikaingia benki kabla ya kusaini, na risiti ya EFD ikatolewa upya kwa kiasi sahihi.

Giaboksi ya mtumba kutoka Japani ilipatikana Ilala kwa 2,400,000. Kazi 250,000. Mafuta halisi ya CVT, lita 8, yalikuwa 280,000. Nauli za siku 26 bila gari 290,000. Karatasi ya mnada 30,000, ukaguzi wangu 60,000. Jumla 3,310,000, toa 2,600,000: kutoka mfukoni 710,000, ambazo alikopa kwa dada yake. Na bado gari lake ni la kilomita 131,000 na zaidi, alilolipia bei ya 68,000. Hasara hiyo itaonekana siku atakapoliuza, kwa sababu ameniambia atamwonyesha mnunuzi ile karatasi ya mnada.

Wakati ule niliuunga mkono uamuzi wake. Leo sina uhakika. Nadhani tungeomba zaidi, kwa sababu mtu asiyetoa hati ya Japani alipoombwa kwa barua alikuwa tayari ameonyesha udhaifu wake, nasi tukaharakisha kupokea. Lakini mimi sikuwa ninayesimama kituoni saa tatu usiku.

Uchambuzi

Wengi niliowasimulia wanasema kosa lilikuwa kununua yadi, au kununua CVT, au kumwamini dalali. Mimi naiona ile 500,000. Kabla ya Jumamosi saa nane mchana muuguzi alikuwa na nguvu zote: pesa zake mkononi na yadi nyingine ishirini barabara ile ile. Baada ya saa nane, kila swali lilikuwa na bei. Kukataa fundi wa dalali, kudai mwendo mrefu, kukataa kifungu cha sita, yote yalimaanisha kuwa tayari kupoteza laki tano. Katika mila zetu kishika uchumba hutangulia, lakini hata huko wazee huulizia ukoo kwanza. Hapa posa ilitolewa kabla ya kuulizia lolote. Kama ni lazima kutanguliza kitu, karatasi iandikwe kwamba pesa inarudi gari likishindwa ukaguzi wa fundi wa mnunuzi. Muuzaji wa gari zima hana cha kuogopa katika sentensi hiyo, na anayeikataa ameshajibu swali lako.

La pili ni taa ya mafuta. Magari ya yadi karibu yote yanakaa na tangi tupu, mara nyingi kwa sababu ya kawaida tu, kwamba hakuna anayetaka kujaza magari thelathini. Ila tangi tupu linampa muuzaji sababu ya heshima ya kukunyima mwendo. Mafuta ya 20,000 yangetosha kuliendesha dakika 45 kwenye foleni, na gari hili lingetetema mbele ya fundi yeyote, hata yule wa dalali. CVT mbovu hufanya vizuri ikiwa baridi. Mafuta yakipata moto yanakuwa mepesi, shinikizo linashuka, mkanda unaanza kuteleza. Mita 400 ni kama kumpima mgonjwa presha akiwa usingizini.

Fundi wa Jumanne simwiti mwizi. Alipewa gari lililosimama na kodi zilizofutwa, akasema alichokiona. Lakini aliyemwita alikuwa dalali, na riziki yake ya kesho ilikuwa kwa dalali. Mtu wa namna hiyo hawezi kusema "mama, usinunue" hata akiona. Angalau angesoma umbali tangu kodi zifutwe. Ukikuta ni kilomita chache, uliza kwa nini.

Kilichomwokoa ni karatasi. Malipo ya benki badala ya taslimu, picha za makopo, namba ya kilomita siku ya makabidhiano, tarehe za kila mazungumzo. Bila ile 68,412 hesabu yangu ya 36 isingekuwepo. Kelele za mara nne hazikumleta mwenye yadi; swali la hati moja mahususi lilimleta. Na ile risiti ya 6,000,000, aliyoipokea kwa unyonge, ingeweza kumgeukia, kwa kuwa mnunuzi naye anawajibika kudai risiti ya kiasi sahihi, na kama angelipa taslimu ndiyo ingekuwa ushahidi pekee wa bei.

Alipokosea tena baada ya kununua ni siku ya kumi. Kumwachia fundi wa muuzaji afungue giaboksi bila maandishi kuliipa yadi hoja ya bure. Angetangulia kupata ripoti ya mtu wa pembeni, hata ya ukurasa mmoja, ndipo amruhusu. Nasema hivyo nikijua alikuwa amechoka na alitaka tu gari lipone.

Kwa shemeji bado hapajatulia. Mume anasema ndugu yake hakula hata senti, na huenda ni kweli. Shemeji anasema alisaidia akaambulia lawama. Muuguzi anamsalimia. Chakula cha Idi walikula nyumba moja, vyumba tofauti.

Fundi wa chini ya mwembe nilimfuata mwenyewe, wiki moja baada ya giaboksi kubadilishwa. Nilikwenda na hasira. Nikamkuta kijana aliyejifunza kazi kwa mjomba wake, kwenye magari ya gia nne, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna otomatiki isiyotumia haidroliki nyekundu. Yadi ilimpa makopo na kumwambia aweke. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama yale magari mengine mawili aliyoyafanyia mwezi ule nayo ni CVT. Tukaenda kuyaangalia. Moja lilikuwa ni CVT. Tulimpigia mwenyewe simu tukiwa bado tumesimama pale.